Seli zinazotuliza kinga hazishushi kinga

Tangu Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi watunukiwe Nobel ya tiba mwaka 2025, nasikia mno seli dhibiti za T zikiitwa "seli za kushusha kinga", kana kwamba aliye nazo nyingi ananyemelewa na upungufu wa kinga. Sivyo. Ni seli nyeupe za damu, nyingi hukomaa kwenye tezi ya thaimasi, kifuani juu ya moyo, nazo huzizuia seli nyingine za kinga zisiushambulie mwili wenyewe. Maana ni hiyo tu.

Anayezichanganya na upungufu wa kinga aangalie panya wachanga. Mwaka 1969, huko Japani, watafiti Nishizuka na Sakakura waliwatoa thaimasi panya majike wa siku 3. Kwa kuwa seli za T hukomaa humo, mtu angetegemea wabaki na kinga hafifu, basi. Kumbe ovari zao ziliharibika, na baadaye ikabainika kuwa zilishambuliwa na kinga yao wenyewe. Waliotolewa tezi hiyo wakiwa na siku 7, ovari zao zilisalimika.

Siri iko kwenye zamu ya kutoka. Seli za T zenye uwezo wa kushambulia hutangulia kuingia mwilini. Seli dhibiti huanza kuonekana nje ya thaimasi karibu siku ya 3. Ukiitoa tezi hapo, wagomvi wameshatoka na wasuluhishi wamefungiwa ndani. Sakaguchi alipowadunga panya hao seli za T za panya wazima wenye afya, ugonjwa ulizuilika. Mwaka 1995 akaonyesha kuwa seli hizo za kutuliza hutambulika kwa alama ya CD25, protini iliyo juu ya seli.

Kuna pia panya madume wenye hitilafu, iliyotambuliwa mwaka 2001, kwenye jeni la Foxp3 ambalo seli dhibiti hulihitaji ili zifanye kazi. Ngozi zao hutoka magamba, bandama na mitoki huvimba, na hufa wakiwa na wiki chache tu. Kinga wanayo, tena imewazidi. Watoto wa kiume wenye hitilafu kwenye jeni hilohilo huharisha mfululizo, hupata ukurutu na hata kisukari wakiwa wachanga.

Ni kweli uvimbe wa saratani hujificha nyuma ya seli hizi, na hapo madaktari hutafuta namna ya kuzipunguza. Lakini mzazi wa mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza tusimwambie atafute dawa ya "kupandisha kinga". Kinga ya mwanawe haijashuka. Inashambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, na haizuiwi ipasavyo.