Mapafu ya kike na ya kiume: tofauti inaanza tumboni

Nikimwambia mtu kazi yangu ni kutafiti tofauti ya mapafu ya wanawake na wanaume, hapa Unguja jibu la kwanza huwa kicheko. "We daktari, hata pafu nalo lina dume na jike?" Naam, linalo, tena si jambo dogo, na kwa vile nimeshaulizwa na watu wengi nimeona niandike mara moja nikiulizwa tena niwatumie linki tu.

Tuanzie tumboni. Ndani ya mapafu kuna vifuko vidogo vidogo vya hewa, na ili visigandane kila mtoto anapotoa pumzi mwili unatengeneza utelezi fulani unaoitwa safaktanti. Sasa mtoto wa kike anaanza kuutengeneza mapema kidogo kuliko wa kiume, mana homoni za kiume zinauchelewesha. Mtoto akizaliwa kwa wakati wake huoni kitu, lakini akizaliwa njiti hapo ndo tofauti inatoka, wa kiume wanabanwa na pumzi zaidi kuliko wa kike wa wiki zilezile. Muulize nesi yeyote aliyekaa wodi ya njiti atakwambia, hata kama hajawahi kusikia jina safaktanti.

Na watoto wa kiume mkosi wao hauishi hapo. Utotoni mirija yao ya hewa ni myembamba ukilinganisha na ukubwa wa mapafu yao, kwa hiyo pumu ya utotoni ni ya wavulana zaidi. Halafu inakuja balehe na mambo yanapinduka kabisa: wavulana wengi inawapungua, wasichana ndo inawaanza au inawazidi, na ukifika utu uzima wanawake wenye pumu ni wengi kuliko wanaume na wanaolazwa kwa pumu nao ni wengi wao. Sababu kubwa inayotajwa ni homoni, testosteroni, homoni ya kiume, inaonekana kupoza aina fulani ya uvimbe kwenye njia za hewa na estrojeni, homoni ya kike, inaelekea kuuchochea, ingawa estrojeni ina tabia zake haifuati mstari mmoja. Ndo mana kuna wanawake ambao siku chache kabla ya hedhi kifua kinaanza kupiga filimbi na pampu ya pumu inaisha haraka, wakienda kueleza wanaonekana wanatia chumvi. Hawatii chumvi! Hilo limeandikwa miaka mingi. Mimba nayo ni bahati nasibu, takriban theluthi ya wenye pumu inawapungua, theluthi inawazidi, theluthi inabaki ilivyokuwa, na jambo baya kuliko yote ni mama mjamzito kuacha dawa ya kuvuta kwa kuogopa mtoto, mana pumu isiyotulizwa ndo inayomkosesha mtoto hewa.

Ila sehemu ninayoipenda zaidi (na ndo inayonilisha) ni ya umbo. Mchukue mwanamke na mwanamme wa urefu sawa, mapafu ya mwanamke ni madogo, hilo watu wanalijua au wanalikisia. Lisilojulikana ni hili: hata ukiwatafuta wawili wenye mapafu ya ukubwa uleule, mirija ya hewa ya mwanamke bado ni myembamba. Jere Mead, mtaalamu wa upumuaji wa Marekani, aliliandika hilo mwaka 1980 na vipimo vya picha vya miaka ya karibuni vimelithibitisha. Unaweza kusema wembamba kidogo una neno gani, basi fikiria unakunywa dafu kwa mrija mwembamba wa juisi badala ya ule mnene, tofauti ya macho ni ndogo lakini mashavu yatakuuma. Hesabu yake hewa ikipita kwa utulivu ni kwamba upana ukipungua nusu ugumu wa kupitisha hewa unapanda mara 16, si mara 2. Kwa hiyo mwanamke akipanda mlima au akibeba mzigo mzito anatumia nguvu zaidi kuvuta hewa ileile, na moshi au vumbi lileile linapita kwenye njia nyembamba zaidi, linagusa kuta kwa karibu zaidi. Ni moja ya maelezo ya kwa nini wanawake wanaovuta sigara wanaharibikiwa mapafu kwa sigara chache na mapema zaidi.

(Ili isionekane nalia tu: msuli wa kiwambo, huu unaofanya kazi kubwa ya kuvuta pumzi, kwa wanawake umepimwa ukaonekana unachelewa kuchoka kuliko wa wanaume. Kila kitu kina upande wake.)

Sasa njoo kwenye mashine. Kipimo cha kupuliza, spairomita, mzizi wake ni wa Uingereza, daktari John Hutchinson alichapisha kazi yake mwaka 1846 baada ya kuwapulizisha watu zaidi ya elfu mbili, na wengi walikuwa wanaume, mabaharia, askari, wapiganaji wa ngumi. Siku hizi mashine inakuuliza jinsia, umri na urefu kabla hujapuliza, na bora ikuulize mana ukimuandika mwanamke kuwa ni mwanamme inaweza kusema mgonjwa hata kama mzima, na ukigeuza mwanamme mgonjwa anaweza kutoka mzima. Tatizo linabaki kwenye ule mstari mmoja wanaotumia madaktari wengi, kwamba hewa unayotoa sekunde ya kwanza ikiwa chini ya asilimia 70 ya hewa yote uliyotoa basi una ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ule wa COPD. Mstari ni huohuo kwa wote wakati wanawake kwa kawaida wanaanzia juu kidogo. Tuseme mama wa miaka 40 alikuwa na 85 akashuka mpaka 72, ameshapoteza kingi lakini kwenye karatasi anasoma mzima, anarudishwa nyumbani na dawa ya kikohozi. Mi binafsi naona mstari huo ungefaa kuachwa zamani, tutumie kiwango cha chini cha kawaida kwa kila jinsia na umri, hesabu zipo na kompyuta inazifanya yenyewe, ila wenzangu wengine wanaupenda kwa urahisi wake na najua watanijia juu.

Na kabla ya mashine kuna mtu. Mwaka 2001 Kenneth Chapman na wenzake walichapisha utafiti mmoja mtamu sana kwa ujanja wake: waliwapa madaktari 192 wa Marekani na Canada habari ya mgonjwa, mvutaji sigara anayekohoa na kubanwa na pumzi, wengine wakaambiwa ni mwanamme wengine wakaambiwa ni mwanamke, maelezo yaleyale. Mgonjwa akiwa mwanamke waliotaja COPD walikuwa wachache. Walipopewa majibu ya kupuliza ile tofauti ikapungua. Huko ni Amerika ambako mashine zipo, sasa fikiria kituo cha afya cha shamba kisichokuwa nayo, daktari ana kichwa chake na swali moja tu: "Unavuta sigara?" Bi mkubwa wa Micheweni au Makunduchi anajibu "Sivuti mwanangu, ntavuta sigara mimi?" na mlango umeshafungwa, anaandikiwa pumu, au moyo, au anaambiwa ni uzee huo bibi.

Hakuulizwa anapikia nini. Hapa ndo mwili na maisha vinakutana, mana huwezi kutenganisha mirija myembamba na nani anayekaa mbele ya mafiga. Mtoto wa kike anaanza kupuliza moto ana miaka saba au minane, kuni, makuti, vifuu, makumbi ambayo wallahi moshi wake hausemeki hasa yakiwa na maji maji msimu wa masika, banda lina kijimlango tu, na akiwa mkubwa anapika humo na mtoto mgongoni. Mjini wanapikia seredani ya mkaa, moshi unaonekana mdogo lakini hewa ya sumu isiyoonekana ipo. Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao bilioni 2.1 bado wanapika kwa moto wa namna hii, na moshi wa majumbani ulihusishwa na vifo milioni 3.2 mwaka 2020 peke yake. Kwa hiyo bibi asiyevuta sigara anaweza kuwa na pafu la mvutaji, ila uharibifu wake unakuwa zaidi kwenye mirija kuliko kwenye vifuko, anakohoa na kupiga filimbi, anafanana na mwenye pumu, ndo mana anapewa jina la pumu.

Wanaume nao wasijione wamesalimika. Kifua kikuu duniani kinawashika wanaume zaidi, zaidi ya nusu ya wagonjwa ni wanaume wazima na wanawake ni kama theluthi, kwa sigara, kwa kazi za msongamano, na kwa tabia ya kungoja mpaka akohoe damu ndo aende hospitali. Ugonjwa wa mapafu kugeuka makovu bila sababu kujulikana nao ni wa wanaume zaidi. Na upande wa pili kuna ugonjwa adimu unaoitwa LAM unaokula mapafu ya wanawake karibu peke yao, tena wenye umri wa kuzaa, nao mara nyingi unaitwa pumu kwanza. Nshaanza kutoka nje ya mada.

Mama yako au shangazi yako akiwa na kikohozi kisichoisha, ukimpeleka hospitali usingoje kuulizwa, sema mwenyewe: amepikia kuni miaka mingapi, jikoni kuna dirisha au hakuna, alikuwa anachambua na kuanika karafuu au anapiga makumbi, kifua kinambana wakati gani wa mwezi kama bado anaona siku zake, halafu omba kipimo cha kupuliza kwa jina. Na dawa ya kuvuta akipewa hakikisha anaonyeshwa kuivuta, wengi naona wanaipuliza ulimini.

Mtu ataniuliza udi na ubani, mana nikiongea mahali popote swali hilo halikosi. Moshi ni moshi, pafu halijui kwamba huu unanukia vizuri. Mi mwenyewe nafukiza nguo zangu, siwezi kumwambia Mzanzibari aache chetezo, ila nafungua madirisha, na kichanga au mwenye pumu anatolewa chumbani kwanza.