Kompyuta ya nyumbani haihitaji programu ya ziada ya kuingilia

Kwa miaka mingi watu wameambiana kwamba kompyuta ya nyumbani si salama mpaka iwekewe programu ya ziada ya kumthibitisha anayeingia. Sivyo. Windows 10, iliyotoka mwaka 2015, ilikuja na Windows Hello ndani yake, yaani njia za kumthibitisha anayeingia: PIN, na pia alama ya kidole au uso kama mashine ina vifaa hivyo. PIN hiyo hufanya kazi kwenye mashine hiyo moja tu.

Linalosahaulika ni kwamba skrini ya kuingilia humzuia aliyeketi mbele ya kompyuta. Mwizi akichomoa diski isiyosimbwa, yaani ambayo yaliyomo hayajageuzwa kuwa maandishi yasiyosomeka bila ufunguo, na kuichomeka kwenye mashine nyingine, atasoma picha na nyaraka zako bila kuulizwa nenosiri, hata kama una programu tatu za ziada. Kinachomzuia ni usimbaji wa diski. Kwenye Mac huitwa FileVault, na tayari umo. Ufunguo wa kurejesha, yaani msimbo wa kufungulia diski ukisahau nenosiri, uandike, uutunze mbali na kompyuta; ukiupoteza na kusahau nenosiri, hata wewe hutaingia.

Naye tapeli wa mtandaoni haioni kabisa skrini hiyo. Anaiwinda barua pepe yako, na huko ndiko uthibitisho wa hatua mbili (nenosiri pamoja na kithibitisho cha pili, kama msimbo wa kwenye simu) unakohitajika.