Mkono wa upande uliopasuliwa usishikwe kama yai

Dhana: Aliyepasuliwa titi kwa saratani asibebe kizito tena maishani, mkono wa upande huo utavimba.

Ukweli: Hofu hii ina chanzo. Tezi za kwapani, mitoki kama wengi tunavyoziita, zikitolewa, majimaji ya mkono hukosa njia ya kutosha na yanaweza kujaa. Lakini mwaka 2009 na 2010, Kathryn Schmitz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichapisha matokeo ya wanawake walionyanyua vyuma mara mbili kwa wiki kwa mwaka mzima. Kati ya waliokuwa tayari na uvimbe, waliozidiwa ghafla na dalili walikuwa 14% kwa wenye vyuma na 29% kwa wasionyanyua. Kati ya waliotolewa tezi 5 au zaidi na hawajavimba, uvimbe uliwapata 7% dhidi ya 22%.

Msuli ukikaza na kulegea husukuma majimaji yapande. Tena, ndoo ya lita 20 haijui nani alipasuliwa. Siku inapobidi kuibeba, mkono uliokaa mwaka bila kazi ndio unaoumia.

Dhana: Basi nianze na kilo 5 kama wenzangu.

Ukweli: Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Subiri kidonda kifunge, mpira wa kutoa majimaji uwe umeondolewa na daktari akuruhusu. Mara nyingi ni wiki 4 hadi 6. Kabla ya hapo, tembeza vidole ukutani kwenda juu, taratibu, bega lisigande.

Kisha shika chupa ya maji ya nusu lita: hiyo ni nusu kilo. Nyanyua mara 10, pumzika, rudia. Baadaye ongeza mzunguko wa tatu. Siku mbili za mazoezi zikipita bila dalili mpya, ongeza nusu kilo, si zaidi. Ukikosa wiki nzima, usirudie pale ulipoachia; shuka kwanza.

Dhana: Ratiba ya mwenzangu itanifaa.

Ukweli: Aliyejengewa titi kwa nyama ya tumbo hafanyi mazoezi ya tumbo mapema. Ambaye dawa za saratani zimemwacha na ganzi vidoleni anaweza kudondosha chuma. Saratani ikiwa imefika kwenye mifupa, usinyanyue chochote kabla ya kuonana na daktari.

Dhana: Mkono ukivimba nitauona tu.

Ukweli: Utachelewa. Chukua tepu ya fundi cherehani, upime kabla ya kuanza na kila mwezi, saa ileile: kifundo cha mkono, sentimita 10 juu yake, kiwiko, na sentimita 10 juu ya kiwiko. Pima mikono yote miwili, uandike. Ikizidi sentimita 2 kuliko mwanzo, au pete ikaanza kubana, simamisha vyuma vya mkono huo umwone mtaalamu wa viungo. Mkono ukiwa mwekundu, una joto na homa imepanda, hayo ni maambukizi: hospitali siku hiyohiyo.