Kuubinya mviringo ili kuuongoza mwanga

Ndani ya kuba la Kanisa la Mtakatifu Paulo jijini London, mtu akinong'ona karibu na ukuta, aliye upande wa pili humsikia, kwa kuwa sauti huambaa na ukuta uliopinda. Mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh alilieleza jambo hilo kwa hesabu za mawimbi, na visahani vidogo mno ninavyovifanyia kazi huuzungusha mwanga kwa njia hiyohiyo.

Mwanga ulio ndani ya kioo cha silika, ambamo mwendo wake hupungua mara 1.45, ukiugonga ukingo kwa mshazari wa kutosha hurudi wote ndani. Kikomo ni takribani digrii 44 kutoka kwenye mstari unaosimama wima juu ya ukingo. Katika duara kamili pembe hiyo haibadiliki, hata mwanga ugonge mara ngapi, na hapo ndipo ilipo nguvu ya duara.

Mwaka 2003 watafiti wa Caltech, taasisi ya teknolojia ya California, Marekani, waliyeyusha ukingo wa kisahani cha silika kwa leza ya kaboni dioksidi, na mvutano wa uso wa kioo kilichoyeyuka ukausawazisha kuliko kifaa chochote cha kuchongea. Kipimo cha utunzaji wa mwanga, kiitwacho Q, kilizidi milioni 100. Kwa wimbi la nanomita 1,550, Q ya milioni 100 ina maana kwamba mwanga hudumu kwa takribani nanosekunde 80 na kusafiri mita 17 hivi. Katika kisahani chenye kipenyo cha maikromita 100, hiyo ni zaidi ya mizunguko 50,000. Nimeirudia hesabu hii mara nyingi, na bado hunistaajabisha.

Hata hivyo, mwanga kidogo unaovuja kutoka kwenye duara huenda pande zote sawasawa, jambo lisilomfaa anayetaka leza inayomulika upande mmoja. Mwaka 1997 wanafizikia Nöckel na Stone walionyesha kwamba duara likibinywa kidogo, pembe ya mwanga hubadilika kila unapogonga, hadi ishuke chini ya kikomo na mwanga kutokea mahali panapotabirika. Mwaka uliofuata Gmachl na wenzake walitengeneza leza za semikondakta zilizobinywa, na katika pande zilizopendelewa nguvu ya mwanga ilipanda hadi mara 1,000 kuliko ya leza za duara.

Kwa kawaida, kadiri unavyobinya ndivyo Q inavyoshuka. Umbo ninalolipenda zaidi ni lile walilolipendekeza Wiersig na Hentschel mwaka 2008, linaloitwa limasoni: upande mmoja umetoka nje, upande wa pili umebapa, na mwanga hutoka kuelekea upande mmoja tu ilhali Q inabaki kubwa. Lakini mikwaruzo ya nanomita chache ukingoni inatosha kuutawanya mwanga na kuipoteza faida hiyo, kwa hiyo kila kisahani kipya ninakikagua kwanza kwa hadubini ya elektroni, kisha ndipo ninapowasha leza.