Bomba la Chini ya Bahari Huchomelewa Melini

Bomba la mafuta la TAZAMA hupita Iringa na Mbeya kwenda Ndola, Zambia, kwa hiyo wengi huku wanajua kwamba bomba refu ni vipande vilivyochomelewa na kufukiwa mtaroni. La baharini huzua swali: nani alizama kuchomelea?

Hakuna. Kazi hufanyika melini, pakavu. Vipande vya mita 12 hivi huchongwa midomo kwa mshazari, kisha hupashwa moto. Unyevu ukibaki huachia hidrojeni, nayo hupasua kiungio saa kadhaa baada ya kupoa, fundi akiwa ameshaondoka. Kibanio cha ndani hulinganisha ncha mbili. Kituo cha kwanza huchoma tabaka la mzizi, yaani la ndani kabisa, meli husogea kipande kimoja, kituo kinachofuata hujaza, mpaka tabaka la juu. Mafundi wa Mwanjelwa, Mbeya, wanajua mzizi mbovu unavyofichwa na tabaka zuri la juu. Ndiyo maana kila kiungio hupimwa kwa mawimbi ya sauti. Chenye kasoro hukwanguliwa na kurudiwa, au hukatwa. Kisha hupakwa kinga ya kutu.

Ugumu hasa ni kushusha. Bomba hutoka nyuma ya meli juu ya mkono wa chuma wenye roli, likichora herufi S hadi sakafuni. Mashine za mikanda hulikaza muda wote. Zikilegea, bomba hupinda kupita kiasi karibu na sakafu na kukunjika. Meli nyingine hulishusha karibu wima, kama herufi J. Pindo moja hupungua, ila nafasi ya kuchomelea ni finyu, kazi huenda taratibu.

Mabomba ya gesi ya TurkStream, kutoka Urusi hadi Uturuki, katika Bahari Nyeusi yamelala hadi mita 2,200, kina kinachozidi mwinuko wa jiji la Mbeya kutoka usawa wa bahari. Huko kila sentimita ya mraba hubeba takriban kilo 220, na bomba hulazwa likiwa na hewa tu ndani. Ndiyo sababu lenye kipenyo cha sentimita 81 lina ukuta wa milimita 39. Kipande kimoja ni kama tani tisa. Kwetu milimani hesabu ni kinyume: mgandamizo hutoka ndani, mkubwa zaidi mabondeni. Kilindini, mkunjo mmoja ukianza unaweza kukimbia kilomita nyingi, hivyo pete nene huwekwa kila baada ya umbali fulani kuuzuia.

Wazamiaji huchomelea zaidi kwenye matengenezo ya kina kidogo, ndani ya chumba kilichofukuzwa maji kwa gesi. Chini zaidi, roboti hufunga kibanio cha bolti, moto hauwashwi.