Yasemwayo kuhusu fimbo za gofu, na yaliyo kweli kwa mchezaji wa ridhaa

Anayepita Barabara ya Yusuf Lule jijini Kampala huuona uwanja wa gofu wa Kitante: bonde la kijani katikati ya maghorofa, wachezaji watatu wanne wakitembea, makedi (wasaidizi wa wachezaji) wakiwa na mifuko ya fimbo mabegani. Wengi huutazama ule mfuko wakaamini kwamba ndio unaowatenga na mchezo, kwa kuwa ni mzito, ni wa bei kubwa, na umejaa fimbo wasizojua kazi yake. Imani hiyo huwazuia watu kuanza, na walioanza huwafanya wanunue vibaya. Mimi nasimamia jambo moja: fimbo nzuri kwa mchezaji wa ridhaa ni ile inayolingana na mwili wake na mkono wake wa leo, na inayomsamehe anapokosea.

“Bila fimbo 14 huwezi kucheza”

Kanuni zinasema usibebe zaidi ya 14. Kikomo hicho kiliwekwa Marekani mwaka 1938 na Uingereza mwaka uliofuata, kwa sababu kuna wachezaji waliokuwa wakitembea na zaidi ya 20. Idadi ya chini haijatajwa popote. Anayeanza anatosheka na saba: fimbo ya mti (yenye kichwa kinene) namba 5, haibridi moja (mchanganyiko wa fimbo ya mti na chuma), chuma (chenye kichwa chembamba) namba 6 na namba 8, weji ya kawaida (chuma kifupi cha kurusha mpira juu), weji ya mchanga, na fimbo ya kusukumia mpira kwenye grini, yaani uwanda wa nyasi fupi kabisa wenye shimo. Kwa mfuko mwepesi kama huo utajifunza haraka kila fimbo inafika wapi mikononi mwako.

Hiyo ya kusukumia watu huichukua mwishoni, yoyote iliyobaki dukani. Hapo nasikitika kwelikweli. Katika uwanja ambao mchezaji hodari hutarajiwa kuumaliza kwa mikwaju 72, hesabu ya kawaida huruhusu misukumo miwili kila shimo, yaani 36, nusu ya mchezo mzima. Ishike, iname kama utakavyoinama uwanjani, uone kama macho yako yako juu ya mpira na mikono inaning’inia bila kujikunja. Nyingi huwa kati ya inchi 33 na 35, na mtu mfupi akipewa ya 35 hulazimika kukunja viwiko ili aenee.

“Draiva kwanza”

Draiva, fimbo ya kupigia mkwaju wa kwanza wa shimo refu, ndiyo ndefu kuliko zote, kwa kawaida kama inchi 45, na uso wake umelala kwa pembe ya nyuzi 9 hadi 12 tu. Urefu unafanya iwe vigumu kuupata mpira katikati ya uso. Wima wa uso nao unapunguza mzunguko wa kurudi nyuma, kwa hiyo kosa dogo la uso kufunguka linaonekana wazi kwa mpira kupinda kulia hadi mitini. Fimbo ya mti namba 5, yenye nyuzi kama 18, inapoteza mita kadhaa lakini mpira unabaki kwenye nyasi fupi. Draiva itakungoja. Ukiamua kuinunua mapema, chukua yenye nyuzi 12 badala ya 9. Mwenye mkono wa polepole hufika mbali zaidi kwa uso uliolala, kwani mpira unapata muda wa kukaa hewani.

“Nunua zile wanazotumia mabingwa”

Vyuma vyembamba vilivyonyooka mgongoni ni vizuri kwa macho. Vinataka mtu anayepiga katikati kila mara. Mhandisi wa Marekani Karsten Solheim, mwanzilishi wa kampuni ya fimbo ya Ping, ndiye aliyeeneza wazo la kuuchukua uzito wa katikati na kuusogeza pembezoni mwa kichwa cha fimbo. Alianza na fimbo za kusukumia mwaka 1959, kisha akaja kwenye vyuma. Uzito ukiwa pembeni, mpira ukigusa karibu na ncha, kichwa hakizunguki sana mkononi, na mkwaju mbaya unapungua ubaya. Hiyo ndiyo maana ya kusamehe. Weledi wengi wa leo wenyewe wamebeba vyuma vya mgongo uliochimbwa, hasa vile virefu. Sioni sababu ya mtu anayecheza Jumamosi tu kujinyima msaada ambao wao hawajinyimi.

“Namba 7 yangu inapita ya kwako”

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Namba iliyochongwa chini ya fimbo si kipimo. Hakuna kanuni inayosema chuma namba 7 kiwe na nyuzi ngapi. Miaka ya 1980 ilikuwa kama 35 au 36. Leo kuna namba 7 za nyuzi 28. Maana yake ni kwamba fimbo inayosifiwa dukani kuwa inafika mbali mara nyingi ni namba 5 ya zamani iliyopewa namba nyingine. Si udanganyifu mtupu, maana wahandisi wameshusha uzito chini ili mpira upae hata uso ukiwa wima zaidi. Lakini usilipie namba.

Tatizo linakuja mwisho wa seti. Weji ya kawaida iliyokuwa nyuzi 48 sasa inaweza kuwa 43, huku weji ya mchanga ikibaki 56. Kati yake kuna pengo la nyuzi 13, na ukiwa mita 85 kutoka shimoni huna fimbo ya kazi hiyo: moja inapita, nyingine haifiki. Kabla ya kununua uliza nyuzi, si namba, na uhakikishe fimbo na fimbo zinaachana kwa nyuzi nne au tano. Anayechanganya vyuma vya seti mbili tofauti, kama wengi wetu tunaonunua vilivyotumika, ahesabu hivyo hivyo.

Majedwali ya umbali ya mtandaoni nayo yasomwe kwa uangalifu. Mengi yako kwa yadi, na yadi 150 ni mita 137. Kisha kuna mwinuko wetu wa Uganda. Entebbe iko karibu mita 1,150 juu ya usawa wa bahari, na Kabale inapita mita 1,800. Hewa nyepesi haiukamati mpira sana. Kwa makadirio ya kawaida, kila mita 300 za mwinuko huongeza kama asilimia moja ya umbali. Basi anayetoka Mombasa akaja kucheza Kabale asishangae mpira kupita grini.

“Mwanaume mwenye nguvu achukue mpini mgumu”

Mpini huchaguliwa kwa kasi ya fimbo. Misuli haihusiki sana. Nimeona vijana wenye mabega mapana wakizungusha taratibu kwa utulivu, na akina mama wembamba wenye kasi ya ajabu. Mpini ukikuzidi ugumu, mpira huenda chini na kulia kwa anayetumia mkono wa kulia, nawe unaanza kuulazimisha hadi mgongo unauma. Herufi R (ugumu wa kawaida) na S (mgumu zaidi) zilizobandikwa kwenye mpini nazo hazina kipimo kimoja kwa watengenezaji wote: R ya huyu inaweza kuwa S ya yule. Kwa sababu hiyo hiyo, fimbo zinazoitwa za wanawake ni fupi na laini zaidi tu. Mwanamke mrefu mwenye kasi hazimfai, na mzee mwenye viungo vinavyouma anaweza kuipenda sana mipini yake.

“Kupimwa ni kwa weledi”

Mweledi anaweza kurekebisha mkono wake kwa fimbo isiyomkaa. Anayejifunza hawezi, naye hudhani kosa ni lake. Bandika utepe wa karatasi wenye gundi chini ya chuma, upige mpira juu ya ubao, kisha uangalie alama. Ikiwa karibu na kisigino, fimbo imesimama mno na mpira utavutwa kushoto. Ikiwa karibu na ncha, imelala mno. Kocha wa klabu aliyesoma kazi yake atakuonyesha haya kwa dakika chache, na vyuma vingi vinaweza kupindwa kidogo vikakaa sawa.

Vilivyotumika ni chaguo la heshima kabisa. Tikisa kichwa usikie kama kuna kitu kinachocheza ndani, chunguza mpini wa grafaiti kama una ufa, angalia kutu pale mpini unapoingia kichwani, na mishiko iliyokakamaa kwa jua ubadilishe kabla ya kucheza. Weji iliyofutika mistari iache. Na ukinunua weji ya mchanga, angalia tumbo lake la chini: lililotokeza halizami kwenye ardhi iliyolowa mvua za Machi hadi Mei, lakini kwenye udongo mkavu wa Januari linadunda.

“Raha ni kwa wenye alama ndogo”

Mfumo wa handikapu (mikwaju ya ziada anayopewa mchezaji kulingana na kiwango chake) unaotumika duniani tangu 2020 humpokea mchezaji hadi 54.0, mwanaume au mwanamke. Unahitaji matokeo ya mashimo 54 tu ili upate handikapu ya kwanza, na mizunguko ya mashimo tisa inahesabiwa. Hilo ni jema kwetu, kwa sababu viwanja kama cha Jinja na cha Fort Portal vina mashimo tisa. Jinja, kwa hakika, inajulikana kwa kanuni ya mahali inayomruhusu mchezaji kuunyanyua mpira ulioangukia katika unyayo wa kiboko bila adhabu. Kanuni za kawaida hazimpi ruhusa hiyo, kwa kuwa unyayo si shimo lililochimbwa na mnyama.

Anayekata tamaa kwa shimo moja baya acheze kwa mtindo wa Stableford, ulioanza kutumika mashindanoni mwaka 1932. Unapata pointi kwa kila shimo. Ukiharibu unapata sifuri, unaokota mpira na kwenda shimo linalofuata. Utafute mpira uliopotea kwa dakika tatu, si zaidi, kama kanuni za 2019 zinavyotaka. Anzia tii za mbele (sehemu za kuanzia zilizo karibu zaidi na shimo) bila kuona aibu: ukifika grini kwa mikwaju miwili au mitatu, unapata kutumia kila fimbo uliyoinunua. Na muulize kedi wako kabla ya kuchagua fimbo, umweleze kwa ukweli namba 7 yako inafika mita ngapi, maana yeye anaujua mteremko wa kila grini lakini hawezi kuujua mkono wako mpaka umwambie.