Melodia ipo, ila unaitafuta mdomoni

Fundi wa pikipiki akiniambia kwamba The Jester Race, albamu ya deth metali, ni kelele, sikasiriki. Mama mkwe akisema hivyo, naitikia "ndiyo mama" na kupunguza sauti. Lakini safari hii aliyesema ni mpiga mi-solo, gita ya kati ya rumba yetu, mtu anayekula kwa jasho la tiersi (noti mbili kwa pamoja, ya kwanza na ya tatu yake kwenye ngazi) kila Jumamosi kwenye harusi za Katuba na Kamalondo. Eti: "Yaya, ile albamu haina melodia. Yule bwana haimbi hata kidogo." Neno la pili ni kweli, haimbi. La kwanza ni uongo, na siyo yeye wa kwanza kuniletea hapa Lubumbashi. Wa kwaya wameniletea, wa kibodi wameniletea. Nimechoka kujibu mmojammoja barazani, basi nijibu hapa kwa wote.

Habari zenyewe kwa haraka. In Flames ni bendi ya Göteborg, Uswidi. Albamu ilitoka 1996, ina nyimbo 10, ilirekodiwa Studio Fredman chini ya Fredrik Nordström. Mwaka uliotangulia At the Gates na Dark Tranquillity, wa mji huohuo, walikuwa wametoa albamu zao zilizorekodiwa palepale. Deth metali ya Marekani, ile ya akina Death wa Florida (albamu yao ya kwanza ni ya 1987), ilikuwa inasaga nusu toni kwa nusu toni huku chini. Hawa vijana wa Göteborg walichukua koo lile la kunguruma na uzito ule, juu yake wakaweka gita mbili zinazoimba pamoja kwa tiersi, jambo walilolisikia kwa Iron Maiden wa Uingereza. Kuhusu shetani sitasema kitu. Anayemtafuta humo atarudi mikono mitupu.

Sasa hesabu nyepesi. Kati ya nyimbo 10, mbili hazina sauti ya mtu kabisa: The Jester's Dance na Wayfaerer. Kama melodia ingekuwa kazi ya mdomo, hizo mbili zingekuwa akordi tupu zinazomngoja muimbaji aliyechelewa. Wapi! Unaweza kuzipiga mluzi ukipanda basi la kwenda Kenya, mtaa wetu hapa Lubumbashi, na abiria wa jirani atadhani ni wimbo wa zamani wa rumba aliousahau.

Hapo wenzangu hudakia: "Tiersi? Tiersi tunazipiga tangu enzi za Docteur Nico, yule mpiga gita wa rumba!" Ndiyo, mnazipiga: gita moja, mkono mmoja, nyuzi mbili, ampli safi. Niambie umeshajaribu hiyo hiyo na distosheni, ule mkwaruzo wa ampli, imefunguliwa mpaka mwisho. Nakuomba ujaribu leo kabla umeme haujaenda. Utapata uji wenye mawe.

Sababu yake iko kwenye ampli. Ampli safi inapokea noti mbili na kuzitoa mbili. Ampli yenye distosheni inazichanganya, inazaa noti ambazo hukuzipiga: tofauti ya zile mbili, jumla yao, na nyingine zaidi. Chukua noti ya mitetemo 200 kwa sekunde, weka kwinti yake, yaani noti ya tano ya ngazi, 300 kasoro kidogo sana. Tofauti ni 100 hivi, ambayo ni noti yako ileile oktava moja chini. Ampli imekuongezea besi ya bure. Ndiyo maana metali yote inaishi kwa kwinti. Sasa weka tiersi kubwa, ya nusu toni 4. Kwa jinsi gita zetu zinavyotuniwa, si 250 kamili, ni 252. Tofauti ni 52, wakati kwinti ilikupa oktava karibu safi, hapa umepata noti iliyokosa nyumba, na mtoto mwingine yuko 148 (200 mara mbili, toa 252), mwingine 304 (252 mara mbili, toa 200). Wote wako nje ya tuni kidogo, wote wanapiga kelele kwa wakati mmoja. Tiersi ndogo, ya nusu toni 3, nayo ina matatizo yake.

Dawa ni kuzitenganisha. Gita hii noti moja, gita ile noti moja, kila moja na ampli yake. Kila noti inakwaruzwa peke yake, na zinakutana hewani tayari zimeshapikwa. Hapo tiersi inasimama safi juu ya ukali wote ule, na hicho ndicho kinachomshika msikilizaji wa albamu hii hata asipojua jina lake: ukali na usafi kwa pamoja, bila kimoja kumeza kingine. Sidai kwamba vijana wale walikaa na kikokotoo. Walipenda Maiden, basi.

Na msije mkaniambia "ahaa, kumbe gita ya pili ndiyo mi-solo." Siyo. Hapa ndipo hata wanaonikubali wanapotea. Mi-solo yetu inakaa katikati ya akompanyema (gita ya kushikilia akordi) na solo, inazungusha maneno yake yenyewe, inaingia kwenye nafasi ambazo solo imeacha. Ukiizima, sebene, ile sehemu ya kucheza ambapo gita zinatawala, inatoboka. Katika The Jester Race gita ya pili haizungushi kitu, inatembea na ya kwanza hatua kwa hatua, mdundo uleule, noti nyingine. Lakini kutembea pamoja si kunakili. Nyuzi zao zimeshushwa toni 2, ule uzi mzito wa mi unalia do, basi tuseme tuko kwenye ngazi ya do mineri. Do inapanda na mi bemoli: nusu toni 3. Re na fa: 3. Mi bemoli na sol: 4. Fa na la bemoli: 3. La bemoli na do: 4. Pengo linabadilika kwa sababu gita ya pili inaheshimu ngazi ya wimbo, haipimi kwa rula. Wanafunzi wangu wanaohesabu 3 kila mahali wanatoka nje ya wimbo kwenye noti ya tatu, kisha wanalaumu gita.

Koo sasa. Ngurumo ile haina noti unayoweza kuipata kwenye kibodi, na hiyo ni faida. Gita mbili zimejaza melodia. Muimbaji wa tatu mwenye noti zake angegombana nazo. Anders Fridén, muimbaji wao, anapewa kazi ya mdundo na hasira. Nyinyi mnaocheka, tangu Zaïko Langa Langa walete atalaku, yule mpayukaji anayechangamsha wachezaji, miaka ya 1980, nani aliwahi kusimama katikati ya sebene akasema "huyu haimbi"? Atalaku anapayuka, anasukuma, gita zinaimba. Mnalipa na pesa juu yake. Na hapana, koo halichaniki kwa lazima. Anayejua kazi anatetemesha mikunjo ya juu, iliyo juu ya nyuzi zenyewe za sauti, kwa pumzi ya tumbo. Anayekohoa baada ya wimbo mmoja hakufundishwa.

Kuna jambo moja linanisumbua, na vitabu vya solfeji vinalipita kama halipo. Wanaandika kwamba mineri ni huzuni, na kwamba utamu wa albamu kama hii ni huzuni yake. Mimi nimekulia kwenye rumba, ambako watu wanalia kifo na usaliti juu ya akordi za majeri, na machozi yanatoka kweli. Basi The Jester Race ikinishika moyo, ni mineri inayonishika, au ni miaka niliyoisikiliza? Sijashawishika kwamba ni mineri. Nashuku zaidi kile kitendo cha sauti mbili kwenda pamoja, ambacho sikio la huku limezoezwa tangu utotoni, iwe kwaya ya Jumapili au Mwenda wa Bayeke, mpiga gita wa Katanga yetu, kwenye gita yake moja.

Kasoro ipo. Ngoma zimerekodiwa kavu kuliko ninavyopenda, ingawa Björn Gelotte, aliyezipiga, ni mtu wa melodia kiasi kwamba baadaye alihamia gita ndani ya bendi hiyohiyo. Na nyimbo za mwishoni zinafanana.

Wanaosema "ni mambo ya wazungu wa baridi" watazame ramani. Mpaka wa Botswana uko karibu nasi kuliko Kinshasa, na huko Overthrust, Wrust na Skinflint wanapiga metali bila kumwomba Mswidi ruhusa.

Anza na Moonshield, kwa sababu mlango wake ni gita kavu isiyo na umeme. Ruka mpaka December Flower usikie solo ya Fredrik Johansson, mgeni kutoka Dark Tranquillity. Dead God in Me iache hadi wiki ijayo. Usisikilize kwa spika ya simu: gita ya pili inapotea, kisha utakuja kuniambia haina melodia.